Kreni ya gatini, kreni ya mradi au Hiab: kijana wa Mtwara aanzie wapi?

Mpwa wangu alikuja kwangu Chuno akitokea Tandahimba. Ana miaka 21, amemaliza kidato cha nne, na dada yangu amemtengea fedha ya korosho ya msimu uliopita. Alisalimia, akakaa, maji hakuyagusa. "Mjomba, nataka kuendesha kreni. Niende chuo Dar, au niingie kibarua bandarini nijifunze huko huko?"

Kwetu kusini mtoto akimfuata mjomba wake kwa shauri la maisha, mjomba hana ruhusa ya kujibu kwa mkato. Tulikaa barazani jioni tatu mfululizo. Haya ndiyo niliyomweleza, pamoja na machache niliyoyakumbuka alipokwisha kuondoka. Nayaandika kwa sababu vijana wengi wa Mtwara na Lindi wana swali hilo hilo, na wengi wanapata majibu kutoka kwa watu ambao hawajawahi kufunga hata mkanda mmoja kwenye mzigo.

Mimi nilianza kwa kibarua cha kufunga mizigo melini. Baadaye nikawa riga, yaani mfunga mizigo, kwenye ujenzi wa bomba la gesi. Nikapanda kwenye kebini ya kreni ya tani 50, na sasa naendesha Hiab ya mtu hapa mjini, yaani lori lenye mkono wa kreni. Milango yote mitatu nimeipita, kwa hiyo nalinganisha vitu ninavyovijua kwa mikono.

Swali la mpwa wangu lilikuwa na maswali mawili ndani yake. La kwanza ni mtambo gani. La pili ni aanze na darasa au aanze na kazi. Watu huanza na la pili, wakalipa ada, kisha wakagundua kwamba cheti walichokipata ni cha mtambo usiopatikana huku kwetu. Tuanze na mtambo.

Kreni ya gatini

Bandari ya Mtwara ina kina cha asili ambacho bandari nyingi hulazimika kukichimba. Waingereza waliijenga enzi za ule mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947, pamoja na reli ya kwenda Nachingwea ambayo baadaye iling'olewa. Kwa miaka mingi gati lilikuwa lile moja la zamani. Siku hizi kuna gati jipya la mita 300, na mizigo imebadilika: korosho kuanzia Oktoba, saruji, na makaa ya mawe yanayoshuka kwa malori kutoka Ruvuma. Makaa ndiyo yaliyobadili maisha ya watu wa bandarini, kwa sababu zamani korosho zikiisha na kazi ilikuwa imeisha.

Kazi ya kreni gatini ina sura kadhaa. Kuna kreni kubwa ya magurudumu inayosimama ukingoni mwa gati na kunyanyua makontena au kuchota makaa kwa kijiko. Kuna kreni za meli zenyewe, ambazo wazee bado wanaziita winchi. Halafu nyuma, uwanjani, kuna richi staka inayopanga makontena kama matofali. Kijana akisema "kreni ya bandarini" mara nyingi anawaza ile kubwa peke yake, kumbe wengi walioifikia walianzia kwenye foklifti na richi staka.

Uzuri wa gati ni kwamba unajua unachokinyanyua. Kontena la futi 20 lina bamba la chuma mlangoni linaloonyesha uzito wake likiwa tupu, ambao ni zaidi kidogo ya tani 2, na uzito wa juu unaoruhusiwa, ambao kwa makontena mengi ni kilo 30,480. Zaidi ya hapo, tangu Julai 1, 2016 mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli unataka kila kontena linalopakiwa lithibitishwe uzito wake kabla ya kupanda melini. Chini yako kuna zege lililojengwa kwa kazi hiyo. Pembeni yako kuna mpiga ishara, msimamizi wa zamu na redio. Anachobaki nacho opereta ni mkono wake: kulifuata kontena linapoyumba, kulituliza, na kulishusha kwenye kona zake nne bila kishindo. Hayo ukiyarudia mara mamia kwa wiki, mkono unakuwa mlaini ajabu.

Tatizo ni mlango wenyewe. Ajira za bandari hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na tangazo la mwendesha mitambo huomba cheti cha mitambo, leseni na mara nyingi uzoefu. Kibarua aliyeingia kufunga makontena hapandishwi kebini kwa sababu amezoeleka. Nimewaona watu wazuri, wenye akili, waliokaa miaka chini ya kreni ile ile wakingoja waitwe juu. Hawakuitwa, kwa sababu hawakuwa na karatasi. Kwa hiyo ile nusu ya pili ya swali la mpwa wangu, "nijifunze huko huko", kwa bandarini jibu lake ni hapana. Utajifunza mengi kuhusu mzigo. Kreni hutajifunza.

Kreni ya mradi

Hizi ni kreni za magurudumu za tani 25, 50, 100 na kuendelea, zinazokodishwa kwenye viwanda na miradi: mitambo ya gesi Madimba na Songo Songo, kiwanda cha saruji, madaraja, minara, migodi ya madini ya kinywe kule Ruangwa. Pesa yake ikija inakuja vizuri kuliko zote mbili nyingine. Pia inakatika kuliko zote.

Wakati wa ujenzi wa bomba la inchi 36 kutoka Madimba kwenda Dar es Salaam, Mtwara ilijaa kazi. Vyumba vilipanda bei, mama ntilie walipika sufuria za ziada, na kijana asiyejua hata sheko, kile chuma cha kuunganishia mikanda na kulabu, ni nini aliitwa riga ndani ya wiki mbili. Mimi ni mmoja wao. Kazi ilipokamilika mwaka 2015 tuligawanyika makundi mawili, na mgawanyiko ule haukufuata nani hodari na nani mvivu. Waliokuwa wametumia siku zao za mapumziko kutafuta vyeti waliendelea: reli ya kisasa, bwawa la Rufiji, bomba la mafuta la Tanga. Waliokuwa na mikono mizuri bila karatasi walirudi mashambani kupulizia mikorosho. Nawafahamu kwa majina, wengine ni majirani zangu. Mmoja alikuwa mpiga ishara bora kuliko yeyote niliyefanya naye kazi, na leo anauza samaki Ferry. Sina ubaya na samaki, lakini ile kazi ilimfaa.

Kreni ya mradi ndiyo inayofundisha hesabu. Ukisikia kreni ya tani 25, usidhani inanyanyua tani 25 popote. Namba ile ni ya mzigo ulio karibu kabisa, kiasi cha mita 3 kutoka katikati ya mtambo. Ukiusukuma mkono wa kreni hadi mita 20, uwezo unashuka mpaka tani chache tu, na katika kreni nyingine hazifiki hata 2. Ndani ya kebini kuna chati ya mzigo, na opereta asiyeisoma hana tofauti na dereva aliyefumba macho. Tena kwenye chati hiyo kulabu, minyororo na mikanda yote inahesabiwa kuwa sehemu ya mzigo. Watu wengi husahau kulabu, na kulabu ya kreni kubwa peke yake inaweza kupita nusu tani.

Kwa kijana anayeanza, kreni ya mradi haiwezi kuwa hatua ya kwanza. Getini wanauliza vyeti na uzoefu, na hakuna anayekukabidhi mtambo wa mamilioni ya fedha ujifunzie. Ila unaweza kuingia kama msaidizi au riga, na hapo ndipo mahali pazuri pa kusimama ukiwa na macho wazi.

Hiab

Hiab ni lori lenye mkono wa kreni nyuma ya kebini au mwisho wa bodi. Jina lenyewe ni la kampuni ya Kiswidi iliyoanzishwa mwaka 1944, lakini huku kwetu limekuwa jina la mtambo wowote wa aina hiyo, hata wa kampuni nyingine. Mtwara, Masasi, Lindi mjini na Nachingwea zipo, nyingi za watu binafsi. Zinabeba jenereta, matangi ya maji, nguzo za umeme, mashine za kubangulia korosho, boti za mashine pale Mikindani, na kila kitu ambacho mtu amekinunua bila kufikiria atakishusha vipi.

Mlango wake ni mpana. Unaanza kama utingo: unaosha lori, unatandaza mbao, unafunga mikanda, unashika kamba ya kuongozea mzigo. Dereva akikuamini anakuachia leva mzigo ukiwa mwepesi na uwanja ukiwa mpana. Ndani ya mwaka mmoja unaweza kuwa umeshika leva mara nyingi kuliko mwanachuo aliyemaliza kozi.

Lakini sikiliza tofauti yake na gati, kwa sababu hapa ndipo vijana wanapodanganyika. Gatini unajua uzito, ardhi ni zege, na mko timu. Kwenye Hiab mwenye mali anakuambia "hii kama tani moja hivi", ardhi ni mchanga wa pwani, juu kuna nyaya za umeme, na wewe ndiye dereva, opereta, riga na mpiga ishara. Hiab ndiyo rahisi kuipata, na kwa maoni yangu ndiyo ngumu kuliko zote kuiendesha kwa usalama.

Nimsimulie msomaji siku moja, maana mpwa wangu hii ndiyo iliyomnyamazisha. Tulikwenda kushusha jenereta kwenye kiwanja kimoja upande wa Mikindani. Mimi nilikuwa utingo. Mwenye lori alikuwa ametuhimiza kwa simu tangu asubuhi, kulikuwa na safari nyingine Naliendele, na mbao za kuweka chini ya miguu ya kreni zilikuwa zimebaki gereji. Dereva alitazama chini, akakanyaga mchanga kwa kisigino mara mbili, akasema pale patahimili. Miguu ikashuka. Kwenye fremu ya lori kuna pimamaji dogo la duara, na kipovu chake kilikuwa katikati kabisa. Jenereta likanyanyuka taratibu. Alipoanza kulizungusha kuelekea upande wa kushoto, nilikuwa nimeshika kamba, macho yangu yako kwenye ule mguu wa kushoto, nikaona mchanga ukipanda pembeni ya sahani ya mguu kama unga unaopanda kando ya mwiko. Haukutoa sauti yoyote. Kipovu kikahama. Magurudumu ya upande wa kulia yakaanza kupungua uzito, ukiyatazama unaona tairi linarudi kuwa duara. Nilipiga kelele na kunyoosha mkono wa kusimamisha. Dereva, Mungu amlaze pema, alikuwa mtu wa kutii ishara: alishusha mzigo pale pale ulipo, juu ya matofali ya watu. Matofali yalivunjika, jenereta likapinda fremu, sisi tukabaki wazima. Mwenye lori alikata mishahara yetu ya miezi miwili kulipia hasara, wakati mbao zile zilikuwa kazi yake kuhakikisha zipo. Jambo lile linaniuma mpaka leo.

Hesabu yake niliifahamu miaka mingi baadaye. Sahani ya mguu ikiwa na upana wa sentimita 40 kwa 40, na mguu umebeba tani 10, mchanga unapokea shinikizo la zaidi ya tani 60 kwa mita ya mraba. Weka chini yake mbao nene za mita 1 kwa 1 na shinikizo linashuka mpaka tani 10. Mataruma mawili matatu ya zamani yaliyofungwa pamoja yangetosha kutuokoa siku ile.

Darasa kwanza au mzigo kwanza

Sasa nusu ya pili ya swali. Chuo cha Bandari kiko Temeke, Dar es Salaam, na kinafundisha mitambo ya bandarini. VETA ipo Mtwara na Lindi, ila kozi hutofautiana kutoka chuo kimoja hadi kingine, kwa hiyo uende mwenyewe ukaulize mwaka huu wanafundisha nini, na uombe kuuona mtambo wa mafunzo. Chuo kikikuonyesha picha ukutani badala ya mtambo, shukuru na uondoke.

Faida ya darasa ni kwamba unajifunza kwa mpangilio. Anayejifunzia kazini anajua kile tu ambacho mwalimu wake alikijua, pamoja na makosa yake. Nikupe mfano wa jambo ambalo sikulijua kwa miaka kadhaa. Ukinyanyua mzigo wa tani 2 kwa mikanda miwili, utadhani kila mkanda umebeba tani 1. Hiyo ni kweli ikiwa mikanda imesimama wima tu. Mikanda ikilala mpaka pembe yake na mlalo iwe nyuzi 60, kila mmoja unabeba kiasi cha tani 1.15. Ikilala zaidi, mpaka nyuzi 30, kila mmoja unabeba tani 2 kamili, sawa na mzigo wote. Nimefunga mizigo mingi kwa mikanda mifupi iliyolala vibaya, nikidhani mkanda imara ni imara tu. Darasani hilo linafundishwa wiki ya kwanza.

Faida ya kuanza na mzigo ni ya aina nyingine. Jicho linajengwa. Unajua mzigo ambao kitovu chake cha uzito hakiko katikati kabla haujanyanyuka, kwa sababu umewahi kuona mmoja ukigeuka. Unajua upepo. Kusi ikianza kuvuma mchana, tangi tupu la plastiki linakuwa tanga, na opereta aliyewahi kuwa chini akishika kamba analiheshimu kuliko yule aliyekaa kebini tangu siku ya kwanza. Zaidi ya yote, unajua moyo wako. Wapo wanaogundua kwamba hawaipendi kazi hii, na ni heri kugundua hivyo ukiwa utingo kuliko baada ya kula fedha yote ya korosho ya mama.

Kwa sababu hiyo sikumpa mpwa wangu lolote kati ya yale mawili aliyoniletea. Nilimwambia aanze chini kwa msimu mmoja, kufunga mizigo na kushika kamba, fedha ya mama yake ikiwa imekaa benki bila kuguswa. Kisha aende chuo akiwa na maswali yake mwenyewe. Mwanafunzi aliyewahi kuona mguu wa kreni ukizama hasinzii darasani.

Aliniuliza, "Na kama nikikaa chini miaka mingi kama wale wa bandarini?" Swali zuri. Jibu ni kujiwekea tarehe kabla hujaanza. Msimu mmoja, usizidi mwaka. Na kwa wale ambao tayari wamekaa kazini miaka bila cheti, VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini: unapimwa kwa kile unachokijua, unajaziwa mapengo, unapewa cheti. Nenda ukaulize kama fani yako imo katika awamu inayofuata. Ningelijua hilo mapema, yule rafiki yangu wa samaki ningemshika mkono.

Karatasi zinazoulizwa

Leseni kwanza. Kwa Hiab na kreni ya magurudumu unahitaji leseni ya daraja linaloruhusu gari hilo, na madaraja ya magari mazito yanataka uwe umekaa na daraja la chini kwa muda. Kwa hiyo anza kuihesabu miaka ya leseni sasa, hata kabla hujajua utaishia mtambo gani. Vijana wengi wana cheti cha kreni mkononi na leseni hawana, wanakwama mwaka mzima kwa jambo ambalo lingeanza zamani.

Pili ni mambo ya OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, unaosimamia sheria ya mwaka 2003. Vifaa vya kunyanyulia mizigo vinatakiwa kukaguliwa, na wafanyakazi wa kazi za hatari kupimwa afya kabla ya kuanza. Ukifika kwa mwajiri, uliza kwa adabu: "Bosi, kreni hii ilikaguliwa lini?" Akikukasirikia, umepata jibu. Macho yapimwe mapema, pamoja na uwezo wa kutofautisha rangi. Chini ya miaka 18 usijaribu kabisa, sheria inakataza kazi za hatari kwa watoto na inasema kweli.

Tatu, mkataba. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inasema saa 45 kwa wiki, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Bandarini na kwenye miradi mikubwa hayo yanafuatwa zaidi. Kwenye Hiab ya mtu binafsi mara nyingi mnakubaliana kwa mdomo, na mdomo husahau. Andikeni hata kwenye karatasi ya daftari, msaini wote wawili. Uliza pia kuhusu NSSF, na kuhusu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Huo mfuko ni wajibu wa mwajiri kuuchangia, na mkono ukisagika ndio utakaokukumbuka.

Mtwara au Lindi

Hapa sina mengi. Kwa kuanza, Mtwara ina kazi nyingi karibu karibu: bandari, saruji, gesi, mji wenyewe. Kuna pia mpango wa bandari ya Kisiwa Mgao kwa makaa na saruji. Lindi kazi zake zimetawanyika: Ruangwa migodini, Kilwa Masoko kwenye bandari ya uvuvi, Songo Songo kisiwani. Ukiwa na ndugu Ruangwa wa kukupa chumba, nenda Ruangwa. Chumba cha bure kina thamani kuliko tofauti ya mshahara wa kibarua.

Kuhusu ule mradi mkubwa wa gesi asilia wa Likong'o, nitasema wazi. Ukianza utahitaji maopereta wengi, na wanaotoka hapa hapa ndio wanaostahili kuwa wa kwanza. Ila wapo vijana waliousubiri tangu wakiwa shule ya msingi, sasa wana watoto. Jiandae kana kwamba utaanza kesho, na upange chakula chako kana kwamba hauanzi.

Mpwa wangu aliondoka kurudi Tandahimba kuaga. Nimemwombea nafasi ya utingo kwenye lori ninaloliendesha, kwa makubaliano kwamba mwakani mwezi kama huu anapanda basi kwenda Dar, apende asipende. Nimemwambia aje na buti zake na kalamu. Mbao za miguu ya kreni tutazitengeneza pamoja siku ya kwanza, nne, mita moja kwa moja, na yeye ndiye atakayezipakia kila asubuhi kabla lori halijawashwa.